Mita Sitini

Walipokuja watu wa bonde la maji
na utepe wa njano, na kofia, na chupa zao,
mimi ndiye niliyeshika ncha.
Tulipima kutoka ukingo wa Lukuledi
mpaka tuta la kwanza la mihogo ya Somoe Nangumbi:
hamsini na nane.
Akaambiwa, mama, umevunja sheria
kwa mita mbili.

Nguzo ya zege ikasimikwa kati ya matuta.
Nikaandika stakabadhi, elfu hamsini.
Alilipa kwa mafungu manne;
fungu la mwisho akaleta ufuta
kwenye kopo la rangi.

Huko juu, magogo yalishuka kwa lori
usiku, yana kibali.
Mhuri niliujua. Wino wake haukolei
upande wa kushoto.
Ni wetu.
Sikuuliza.

Machi ile mvua haikunyesha, ilimwagwa.
Usiku wa tatu mto ukavuka nguzo bila hodi,
ukapita mihogo, ukapita choo cha shule,
ukaingia ofisini kwa mlango wa mbele
kama mkaguzi.
Ukafungua kabati.
Ukasoma mihutasari yetu yote, kikao kwa kikao,
mpaka maneno yakalegea
yakaondoka nao.

Kulipokucha tukapima tena.
Si kwa utepe, utepe ulikwenda na maji;
kwa hatua za Mchopa, mtoto wa Somoe,
kutoka kichwa cha nguzo
hadi maji yalipogota:
mia tatu na kumi.
Alihesabu kwa sauti, akifurahia kuhesabu.

Fomu ya wilaya ilikuja kwa pikipiki, ndani ya nailoni.
Taja chanzo cha maafa.
Nafasi: mstari mmoja.
Niliandika *mvua*, nikafuta.
Niliandika *mabadiliko ya tabianchi*,
kama tulivyofundishwa Lindi mjini, semina yenye posho.
Ni kweli. Bahari imepata homa, tulionyeshwa mchoro.
Lakini mstari ulikuwa umejaa,
na lile lori halikuenea.

Somoe alikuwa mlangoni, tope limemfika magotini.
"Mwandishi, mimi niliuingilia mto mita mbili.
Wenyewe umeniingilia ngapi?
Na stakabadhi yake anakata nani?"

Kitabu nilikuwa nimekianika juu ya bati.
Nikabandua ukurasa mmoja, taratibu, usichanike.
*Imepokelewa kutoka kwa Somoe Nangumbi:*
*mita mia tatu na kumi.*
Nikapiga mhuri.

Upande wa kushoto haukukolea.