Daftari la Majina ya Muda

Kwanza viganja. Vilitutumka vipele,
nikapiga ukelele
hadi bata wa mferejini wakageuza shingo.
Enid Ackroyd wa nyumba ya nane
hakucheka (alicheka baadaye),
akachuma jani pana palepale kando,
akalifikicha, akanisugua:
dawa haikai mbali na ugonjwa, alisema,
au ndivyo nilivyomsikia,
maana Kiingereza cha Sowerby Bridge
humeza silabi kama kuku na kumbikumbi.

Usiku ule nikafungua daftari la Sudi
lililobaki kurasa tupu za hesabu:

*Mchicha-upupu. Machi.
Nyuma ya kiwanda cha mazulia kilichofungwa.
Vaa glavu. Chuma ncha, majani manne ya juu.
Ukichemka, hasira yake hutoka na mvuke.*

Nikauunga kwa kitunguu na tui la kopo.
Sudi akachungulia bakuli:
Mama, haya ni majani ya barabarani?
Ya mferejini, mwanangu.
Akala kimya. Akakwangua sufuria.

Kamusi niliyokuja nayo haikunifaa kitu.
Inajua mnavu, inajua mlenda na kisamvu,
kwa huku imenyamaza kama mgeni msibani.
Basi nikawa nabatiza mwenyewe.

*Kitunguu-jani cha kivulini. Aprili.*
Kilinuka ndani ya basi hata watu wakahama viti.
Nilikitwanga na korosho na chumvi ya mawe,
tukapaka kwenye chapati siku tatu,
siku ya nne Sudi akarudishwa na barua
ya mwalimu, ya adabu sana, kuhusu harufu.

*Forosadi ya miiba. Septemba.*
Kilo mbili, na mikono kama nimepigana na paka.
Jemu ilikataa kuganda.
Nilikoroga hadi saa sita, nikaongeza ndimu,
nikaongeza sukari, nikaongeza maneno
ambayo hayaandikiki.
Asubuhi tukaimwagia vitumbua.
Nikaandika: *shira.* Kana kwamba nilikusudia.

Uyoga sigusi.
Enid hurudi na kapu zima, rangi ya ngozi ya embe,
anaunusa, anaugeuza, anasema huu ni salama.
Mama alituambia: usioujua jina usivuke kizingiti.
Nami nina kalamu, ningeweza kuupa jina
sasa hivi, zuri, la heshima.
Lakini jina la kubuni halitoi sumu.
Ukurasa ule nimeuacha mweupe.

Desemba hakuna cha kuchuma ila giza.
Nilikusanya mifuko ya mkate,
ya buluu, ya chungwa, na ile yenye maua,
nikaichana nyembamba, miyaa ya plastiki,
nikasuka ukili nikiwa nimekalia mguu mmoja
hadi ukafa ganzi.
Ukindu hulainika kwa maji; hii hulainika kwa hita.
Vidole havikuuliza tofauti.
Kapu la kwanza lilipinda kama limesikia tusi.
Nikampa Enid. Humo anaweka sufu zake.

Naye akanifunza sindano mbili.
Soksi yangu ya kwanza
bado inatafuta mguu wake duniani.

Juzi nimeingia jikoni kwake kuazima mizani.
Juu ya rafu, kati ya chumvi na bizari,
chupa ya majani makavu ya chai,
na karatasi imebandikwa, mwandiko wa bibi wa shule:
*Mchicha pupu.*
Nilimwambia mara moja tu, mwaka jana, kwenye mvua.
Nilishika kalamu mfukoni.
Kisha nikaiacha.
Akauliza kama nataka kikombe.
Nikasema ndiyo, bila sukari,
nikakaa.