Mshika Mnyororo

Kabla sijaota ndevu nilipewa ncha ya mnyororo
na mpimaji aliyevaa kofia ya turubai, Bwana Mfinanga.
"Vuta," akasema, "mpaka uimbe."
Nikavuta. Chuma kikaimba juu ya mabua ya uwele.
Hivyo ndivyo nilivyousikia mji mara ya kwanza:
mlio mwembamba,
kama nzi aliyefungiwa kibuyuni.

Alitazama dunia kwa jicho moja
akaandika namba.
Kilima, namba. Korongo, namba.
Shamba la mama, namba nne, mkwaju, na namba nyingine.

Wanasema tembo alikuja kunywa hapa, akazama matopeni.
Idodomya.
Miji mingine hupewa jina na mfalme, au na ushindi.
Wetu ulipewa na mnyama aliyekwama.

Na wote waliokuja baada yake walifuata maji yaleyale.
Walipita wenye pembe begani,
wakatoa hongo, kitambaa kwa mtungi, shanga kwa mtungi.
Wakaja wenye reli,
injini yao ina kiu kuzidi ng'ombe wote wa Ugogo.
Palipo kisima pakawa stesheni,
palipo stesheni pakawa na duka la chumvi,
palipo duka pakahitajika mahakama,
na mahakama, tangu lini ikakaa bila gereza?

Nadhani kila mji ulianza hivyo.
Kando ya mto nisioujua jina
mtu alifunga kamba kwenye vijiti viwili,
akaivuta,
akamwambia jirani: upande huu wangu.
Ukuta, soko, mnara, kodi, hata ikulu,
ni kamba ileile inaendelea kurefushwa.

Mama yangu Nyamwanji alihama mara tatu.
Mwaka wa Operesheni alikataa kupanda lori
mpaka mlango wa tembe upakiwe kwanza.
Mara ya pili alilipwa fidia, akaihesabu, akacheka.
Mara ya tatu hakwenda popote,
mji ulimfuata wenyewe na nguzo zake za umeme.
Mlango ule bado upo, kwenye nyumba ya tofali za saruji,
mfupi kuliko fremu,
mwanga unapita juu yake usiku kucha.

Sasa niseme jambo ambalo Mfinanga alikufa hajui.
Mstari wake ulipita katikati ya zizi la zamani,
na chini ya zizi amelala babu, Masinjila,
hana msalaba, hana jiwe,
ila samadi iliyogeuka udongo.
Mchana alipokwenda kula
niling'oa bikoni.
Nikaisogeza hatua saba kusini.
Nikashindilia kwa kisigino.
Aliporudi akachungulia, akakunja uso,
akafuta darubini kwa leso,
akaandika.

Miaka hamsini kasoro.
Leo ni lami, njia nne, taa zinazokula jua.
Mabasi ya wafanyakazi wa wizara yanakwenda Mtumba,
na hapa, penye uwanda mtupu,
bila mto, bila mwamba,
barabara inapinda.

Juzi amekuja binti wa upimaji, Lechipya,
hana mnyororo.
Ana kitu kama uyoga juu ya fimbo, kinasemezana na angani.
Akasimama kwenye kona yangu muda mrefu.
"Baba, wewe ulifanya kazi hii zamani.
Kwa nini hapa hawakunyoosha?"

Nilitazama lori la saruji likipunguza mwendo,
likiinama kidogo,
likipita pembeni ya mzee wangu
kama mtu anayemkwepa aliyelala.

"Udongo wa hapa," nikamwambia, "unadidimisha."

Akaandika.

Basi sasa imo kwenye ramani.