Mwandiko wa Tairi

Saa moja asubuhi, kabla wingu halijaufunika mlima,
tulipanga foleni na helmeti za kuazima
kwenye kiwanja cha ndege kilichostaafu, kusini mwa Moshi,
upande ule upepo unakoleta harufu ya miwa iliyoungua.
Matairi chakavu yamepakwa chokaa: ndizo kingo za barabara.
Mwalimu Aikaruwa alitukagua miguu.
"Wewe, mabuti hayo yatakudanganya. Vua."
Nikaendesha na soksi.

Miaka kumi na tisa ninaendesha gari la wagonjwa.
Najua kila shimo kutoka Kibosho hadi hospitali,
najua uchungu wa uzazi unavyopanda kwenye tuta.
Kwa hiyo nilikuja na kiburi kidogo tu,
mfukoni, pamoja na leseni.

Kona ya tatu ikanipokonya.

Niliingia kwa mwendo wa mtu anayejulikana.
Nikaliona tairi jeupe la nje, nikalikazia macho,
nikakanyaga breki huku usukani bado nimeukata,
na mkia wa Subaru ukaamua kutangulia mbele.
Mlima ukapita kiooni. Miwa ikapita. Mlima tena.
Kisha kimya, na vumbi likaingia ndani taratibu
kama mgeni aliyekwisha kukaribishwa.

Wahenga walishasema, kosa si kosa, kosa ni kurudia.
Nililirudia mara nne kabla ya chai.

Mara ya nne Aikaruwa alinijia kwa miguu,
mkono mmoja chapati, mwingine funguo.
Hakufoka. Ningependa angefoka.
"Shuka," akasema. "Tukasome."

Tukatembea kurudi nyuma juu ya alama zangu,
mistari miwili myeusi kwenye lami ya zamani.
"Hapa ulikuwa unajua. Mstari mwembamba, umenyooka.
Hapa umeanza shaka, unaona unavyonenepa?
Hapa breki.
Hapa ulishaacha kuendesha, ulikuwa unaomba.
Na pale," akaonyesha tairi nililoliangusha,
"ndipo macho yako yalipokuwa tangu mwanzo.
Gari ni mtoto mtiifu. Linakwenda unakotazama."

Nikachuchumaa, nikagusa mpira ulioganda kwenye lami.
Ulikuwa bado na joto.
Sikuwahi kuuona woga wangu umeandikwa
mrefu kiasi hicho, kwa mkono wangu mwenyewe,
bila kukosea hata herufi.

Kuna daftari pale, la mraba, jalada limelowa oili.
Kila mwanafunzi huandika kosa lake na tarehe.
Nshoya, dereva wa watalii: *Nilikuwa nagombana na shemeji kichwani.*
Ndeshi: *Nilimwiga aliyenitangulia.*
Baljiti, fundi wa Bomambuzi: *Nilifurahi mapema.*
Nami, kalamu ikigoma: *Nilitazama ninachokiogopa.*

Mchana nikarudi kona ya tatu.
Breki mapema, gari likiwa limenyooka.
Macho mbali, kwenye mgunga ule pekee mwisho wa kiwanja.
Mguu ukaachia polepole,
kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala.
Gari likakata. Likakubali.
Nikacheka peke yangu ndani ya helmeti,
na kwa kucheka nikasahau gia,
nikaparamia matairi ya kona ya nne.

"Hilo jipya," Aikaruwa akasema, akifungua daftari.
"Afadhali. Lile la asubuhi lilishachoka."

Jumanne usiku, mvua, nateremka kutoka Kibosho,
mtungi wa oksijeni ukigongagonga nyuma,
na ng'ombe katikati ya kona, amejitandaza kama mwenye hati.
Sikumtazama.
Nilitazama nafasi kando yake, upana wa mkeka.
Muuguzi akauliza, "Kuna nini huko?"
"Hakuna."

Zamu ilipoisha nilipanda bodaboda, nikarudi pale
kusoma nilichoandika.
Mvua ilikuwa imefuta yote.
Ng'ombe alikuwa bado pale, anatafuna.