Kuhuisha

Simu nimeiegemeza kwenye usukani
kwa pakiti ya peremende na mpira wa nywele.
Nyumbani mtandao huja ukipenda, kama mkwe;
hapa nje ya maktaba unafika
hadi egesho la tatu kutoka pipani.
La nne, hupati kitu.
Menno alilipima mwenyewe mwaka jana,
akizunguka kwenye theluji, simu juu,
kama mtu aliyepotelewa na ndama usiku.

Subiri. Unaunganishwa na daktari.
Duara linazunguka. Najitazama:
kidevu, pua, dari ya gari.
Mwaka jana tulijibana wawili ndani ya kijidirisha hiki,
yeye akiinamisha kichwa apate kuenea.

Daktari Quintero yuko Pittsburgh, na ana paka
anayekatiza nyuma yake, mkia wima kama alama ya mshangao.
Jina kamili? Lovina Hostetler.
Leseni naisogeza kwenye kamera: iko mbali,
iko karibu mno, inang'aa, haya, imesomeka.
Picha hiyohiyo ndiyo iliyo kwenye kadi ya dawa,
ya mwanamke mwenye nywele zilizonyooka
kabla tiba ya saratani haijazichukua
na kuzirudisha zikiwa na mawazo mengine.

Nilificha maradhi. Vidole ndivyo vilivyoniumbua:
vikombe vitatu vya mama kwa wiki moja,
sindano nisiyoihisi
mpaka doa jekundu likajitia
kati ya viraka vya mfarishi.
Na usiku nyayo zinawaka,
nimelala, lakini miguu imesimama jikoni juu ya makaa.

Bangi, alisema dada yangu Edna,
kwa sauti ya kufungia mlango.
Matone, nikamjibu. Mawili, chini ya ulimi.
Ladha ya nyasi zilizonyeshewa, kisha nalala saa tano.

Menno, ambaye hakuwahi kuonja hata bia,
ndiye aliyenisindikiza dukani mara ya kwanza,
kofia mkononi kama aliyeingia msibani,
akaishia kumwuliza kijana mwenye kipini puani
kama mmea huu hupenda samadi ya ng'ombe
au ya kuku.

Kwa kipimo cha moja hadi kumi, Bi. Hostetler?

Paka ameketi.
Mwaka jana nilisema saba. Menno akasema tisa,
usimsikilize, daktari, mimi ndiye ninayelala naye.
Leo kiti cha pembeni kina glavu zake tu.
(Sijaziondoa. Msiniulize.)
Natafuta namba. Kumi nilikwisha kuitumia,
alfajiri moja ya Machi, mlangoni mwa ghala,
ng'ombe wakilia hawajakamuliwa,
na hapakuwa na mtu wa kuniuliza.

Sita, nasema. Ya miguu.

Anaacha kuandika. Na isiyo ya miguu?

Hiyo, namwambia, haina fomu.

Ananyamaza. Mtandao nao,
kwa heshima au kwa ubovu, sijui,
unamgandisha mdomo wazi,
na kwa kitambo kizima tunatazamana hivyo,
yeye hawezi kusema, mimi silazimiki.

...mwaka mmoja zaidi, anasema aliporudi.
Kipimo kilekile. Ukihitaji kuongea, piga.
Dakika kumi na moja zimekwisha.
Ada ya jimbo nailipa kwa kadi ya benki
ambayo bado ina majina mawili.
Baadaye kidogo ujumbe unaingia:
Kadi yako imehuishwa.

Imehuishwa. Nalirudia neno polepole
kama ninayelamba kijiko.
Kumbe viko vitu unavibonyeza tu,
unalipa, na vinarudi.

Kioo kinagongwa. Binti wa maktaba,
koti begani, funguo mkononi, wanafunga.
Mama, uko salama? Umekaa sana hapa.

Niko salama, namwambia.
Nilikuwa kwa daktari.