Nilichotia Saini Kitangari

Mimi si hakimu. Ni mshauri wa mahakama,
kiti cha kushoto, kile chenye mguu mfupi
niliouwekea kipande cha tofali.
Alfajiri nakaanga mihogo stendi,
saa tatu nafuta mafuta vidoleni
nakwenda kukalia ndoa za watu.

Ilikuwa Julai, ukungu haujaondoka,
wakaingia wote wawili wananuka salfa.
Walitoka kupulizia shamba lile lile,
huyu upande wa barabara, huyu upande wa bonde,
bila kusemezana.
Mkorosho haungoji talaka.

Somoe Chitanda, mdai. Bakiri Nandonde, mdaiwa.
Hati ya baraza la kata imo jaladani:
"Tumeshindwa kuwasuluhisha," na muhuri uliokaa upande.
Miaka kumi na mmoja, imekunjwa mara nne.

Nyumba, bati ishirini na nane: kwa mama, kwa ajili ya watoto.
Tangi la saruji la maji ya mvua:
hapo sauti zilipanda,
maana huku kwetu juu mtu husamehe tusi
ila hasahau nani alipandisha ndoo kutoka bondeni
siku tangi linajengwa.

Mikorosho themanini na tatu.
"Nilipanda mimi."
"Alichimba mashimo. Aliyemwagilia nani?"
Hakimu akagawa: arobaini na moja, arobaini na moja.
Ukabaki mmoja.
Nikauliza, huo uliobaki uko wapi?
Wakajibu kwa pamoja, kama waitikiao hodi nyumbani kwao:
"Nyuma ya choo. Ule ulijiotea."
Kisha wakatazama sakafu,
wameona haya kupatana hadharani.

Watoto.
Zamani hili lisingefika hapa:
mtoto ni wa ukoo wa mama,
mjomba angekohoa mara moja, yakaisha.
Mjomba alikuwepo. Alikohoa.
Hakimu akamwambia akanywe maji.

Swaumu ana miaka minne, sheria haikuhangaika naye.
Mfaume ana tisa. Wa tisa huulizwa.

Tukamwingiza chumba cha ndani, peke yake,
sare ya shule, sweta limetoboka kiwiko.
Hakimu akavua miwani asije akamtisha.
"Mfaume, unapenda kukaa na nani?"

Mimi niliulizwa hivyo hivyo, Masasi, si mahakamani,
kwenye mkeka, na shangazi.
Nilijibu upesi. Nilisema baba.
Jana yake alikuwa amenininunulia viatu.

Mfaume hakujibu upesi.
"Swaumu atakaa na nani?"
Na mama.
"Swaumu usiku haendi chooni peke yake.
Anasema ule mkorosho unamwita jina."
Akanyamaza.
"Baba akisonga ugali, unakuwa na madonge.
Huwa namshikia sufuria."
Akavuta uzi wa sweta, ukaja mrefu.
"Naweza kujibu Ijumaa?"

Nje kulikuwa na mashauri sita,
la mbuzi, la mpaka, la deni la salfa.
Hakimu akavaa miwani, akaandika,
na maandishi yake ni mazuri, hayana kosa:
"Mtoto ameeleza kuwa anapenda kukaa na mama yake.
Baba aruhusiwe kumwona."
Akasukuma jalada kulia, likasainiwa.
Akasukuma kushoto.
Kalamu ilikuwa nzito kidogo.
Nikasaini.

Mwezi wa kumi, korosho zinaanguka,
alipita stendi na baiskeli ya mtu mzima,
anapeleka kitu Mnyambe kwa baba yake,
kimefungwa kwenye kanga ya mama yake.
Sikuuliza ni nini.
Yeye ndiye aliyeuliza:
"Mama mshauri, na ule mmoja, mlimpa nani?"

Nilipekua kichwani hukumu yote, ukurasa kwa ukurasa.
Hatukuandika.
Nikamwongezea kipande cha muhogo, cha moto mno,
akakirusha mkono huu, mkono huu,
mpaka kikapoa.