Ungamo la Mnakili wa Noti

Mimi sikutunga kitu. Andikeni hilo kwanza.
Nilikuwa na kalamu ya chuma, wino wa dukani
na mgongo uliopinda mapema,
hapa Liepaja, mji ambao upepo una ufunguo wa kila nyumba.

Aliniletea karatasi zake ndani ya kikapu,
chini ya viazi, juu ya soli za viatu za baba yake:
Zelma Krastkalne, mwalimu wa watoto wa kiwanda cha kiberiti,
vidole vimepasuka kwa baridi,
ananuka gundi na kahawa ya shayiri.
"Nakili," akasema. "Ila jina langu likate mkia."

Kwetu jina la ukoo lina jinsia.
La baba yake laishia kwa s, lake kwa e:
e ya binti, e ya mke, e ya mjane.
Nikaikwangua ile e kwa ncha ya wembe,
nikaandika s, na nukta baada ya Z.
Kazi ya nusu dakika.
Majaji wa Riga wakampa tuzo Bwana Krastkalns,
wakamwekea na sigara.
Chanda chema huvikwa pete, watu husema;
chake walikigeuzageuza kwenye mwanga,
kisha wakairudisha pete kijalubani.

Tuzo ikaenda kwa wa pili.
Yeye akarudi na treni ya usiku,
akanunua karatasi zaidi kwa pesa ya chakula.

Alitungia jikoni, juu ya ubao wa kupigia pasi,
kati ya sufuria na kikohozi cha mama yake.
Piano hakuwa nayo. Alikuwa na uma wa kusawazishia ala,
aliugonga ukingoni mwa beseni, akainamisha kichwa
hadi sauti itue.
Mimi nilimjua kwa alichokifuta.
Pale karatasi ilipokwanguliwa ikaanza kupenya nuru
nilijua palikuwa na kitu kitamu mno, akakionea haya.

Mara moja tu alinikaripia. Fidla zilinyamaza
hatua kumi na moja, nami nikaziruka, nikidhani si kitu.
"Kimya nacho ni kazi," akasema. "Kihesabu."

Sasa ungamo.
Simfoni yake, sehemu ya tatu, ukurasa wa arobaini.
Usiku wa Februari, taa inaishiwa mafuta, nami nimelewa, si kidogo,
nikaishusha noti ya baragumu nusu sauti.
Sikuona. Siku ya mazoezi
baragumu likaitoa ile noti, nyeusi,
kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo,
na okestra nzima ikageuka.
Kiongozi akashusha fimbo: "Hili ni kosa, bibie?"
Akafumba macho. Nilikuwa mlangoni, jasho linanitiririka.
"Iache," akasema.

Ilipigwa usiku mmoja tu. Kisha vita vikaja,
vikaenda, vikaja tena na sare nyingine,
na kurasa zikalala miaka sita ndani ya pipa la kabichi chachu,
zimeviringishwa kwa turubai.
Hata leo ukizifungua chumba chanuka siki.
Alirudi kufundisha watoto kupiga makofi kwa mpigo.
Hakuolewa; hakueleza.
Alikufa Machi, barabara zikiyeyuka.
Wanafunzi wanne, wenyewe wazee, walibeba jeneza,
mmoja akipiga hatua nje ya mpigo.

Siku hizi wanakuja vijana wenye miwani kutoka ng'ambo ya Baltiki.
Wameiandikia noti ile kurasa ishirini:
ni jeraha la nchi, wanasema, ni kaburi la baba,
ni ujasiri wa mwanamke.
Nawamiminia chai. Natikisa kichwa kama mwenye hekima.

Jana mpwa wake aliniletea rasimu ya penseli,
ile ya kwanza kabisa. Nikaisogeza dirishani.
Jalada lina jina lake zima, pamoja na mkia.
Baragumu liko pale alipoliweka, juu, salama, la kawaida,
na pembeni, kwa mwandiko wa uzeeni unaotetemeka:
"Eizens alilewa usiku ule.
Mungu amzidishie."