Pale Sumaku Inapoachia

Tanuri yangu haioki mkate leo.
Digrii mia mbili, na ndani, juu ya bati la biskuti,
vimelala visu vitatu visivyo na mipini
kama samaki waliosahauliwa kuparwa.
Zéphirin kachuchumaa mbele ya kioo, anachungulia rangi.
"Bado, Eulalie. Iwe ya majani makavu.
Ikipita hapo ikawa zambarau, tumekula hasara."
Tumekula!
Mimi nimekula nini tangu asubuhi?

Vilikuwa msumeno.
Msumeno wa duara, mpana kama meza ya watu sita,
ulipasua magogo kando ya Mto Mwekundu
mpaka kiwanda kikafungwa, ukaja kuegeshwa
nyuma ya banda letu la kuku, ukaliwa na kutu
majira ya theluji thelathini na moja.
Jino lake moja lilimjua baba mkwe:
lilimchukua kidole cha shahada
mwaka aliozaliwa Zéphirin.
Mzee hakuusema vibaya hata siku moja.
"Ulikuwa kazini," basi.

Sasa mwanawe kauchora kwa chaki,
akifuatisha kisu cha bibi wa bibi yake,
kile kilicholika kwa kinoo hadi kikawa chembamba kama unyasi,
kilichotoka ghala la kampuni, ng'ambo ya kaunta,
kwa ngozi za biva.
Ngapi? Kila shangazi ana hesabu yake,
na hesabu hupanda kila Krismasi.

Uani, baridi ya kukata masikio.
Ngoma ya breki ya lori ndiyo tanuu,
kipande cha reli ndicho fuawe,
kikausha nywele changu ndicho mivukuto
(nywele zangu zitakauka kwa subira).
Chuma kikawa chekundu, kikawa cha machungwa,
akakisogezea sumaku aliyoifunga kwenye waya.
Sumaku ikakidaka. Bado.
Akakirudisha makaani. Akasubiri. Akajaribu tena,
na safari hii chuma kikaipita sumaku
kama mtu anayempita mtalaka wake sokoni.
"Hapo," akasema kwa sauti ya kanisani, "hapo ndipo kizame."
Mafuta yakapiga ukelele.
Mafuta yangu ya kukaangia viazi.

Mipini: fimbo ya hoki ya Rémi,
iliyovunjika usiku ule walipofungwa na vijana wa Selkirk,
naye akailaza kitandani kama mgonjwa.
Misumari ya shaba: bomba la taa ya mama.
Sikuulizwa. Ningekubali, lakini sikuulizwa.

Jumamosi akaja bwana mmoja kutoka Winnipeg,
glavu za ngozi laini, akakipima kimoja kiganjani.
"Kilaze kwenye siki wiki nzima," akasema,
"kigonge chapa ya wahunzi wa kale wa Uingereza,
nami nitakilipia mara tano, bila maswali."
Nikalitazama paa letu, pale linapovuja juu ya friji.
Zéphirin naye akalitazama.
Siki ipo kabatini, lita nne, ya kuwekea matango.

Akachukua tindo, akachukua nyundo.
Vistari vidogo, kimoja kimoja, karibu na mpini.
Nilivihesabu kwa sauti ya nyundo: tisa, akakoma.
"Hii chapa ya nyumba gani?" bwana akauliza.
"Nyumba ya Vidole Tisa."
"Siijui."
"Ilikuwa kazini," Zéphirin akasema.

Alinunua viwili, kwa bei ya visu vipya,
akaondoka akinung'unika na theluji.
Cha tatu kina kasoro, kimepinda kidogo kuelekea kushoto,
nami natumia mkono wa kushoto,
sijui kama ni bahati au ni mume wangu.

Mkate uliingia tanurini saa nne usiku.
Ulinuka chuma na mafuta yaliyoungua.
Tukaukata ungali moto,
vipande vinene, visivyolingana,
tukala tumesimama.